Trela la Kumpeleka Mama Mkwe Ubatizoni

Nilikuwa na skuta, na nilikuwa na mama mkwe, na mila za kwetu hazikutaka wawili hao wakutane.

Skuta ilikuja kwanza. Niliinunua mjini Kisii, miaka michache baada ya uhuru, kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akifunga virago kuhamia ng'ambo. Rangi yake ilikuwa kijani kama ukuta wa hospitali, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kutoa mwiba wa samaki kooni. Msidhani nilikuwa mtu wa safari. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walikimbilia Nairobi na Mombasa. Mimi nilipata ukarani katika ofisi moja ya serikali pale Nyamira, nikamshukuru Mungu kwamba kutoka kitandani pangu mpaka mezani pangu ni mwendo wa saa moja tu kwa miguu, kisha nikaona hata hiyo saa moja imezidi. Watu wengine hununua pikipiki ili waende mbali. Mimi nilinunua ili nirudi nyumbani mapema, nivue viatu, nifungue redio, niletewe chai.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mnene, mwenye goti bovu na ulimi mzima. Aliishi ng'ambo ya bonde, kwenye migomba yake na chai changa aliyoanza kuipanda, na kwa miaka mingi alikuwa amewashinda wahubiri wa Kisabato kwa sababu moja: ugoro. Kila walipomkaribisha majini alikumbuka kopo lake, akarudi nyuma. Lakini mwaka ule, sijui ni umri, sijui ni mke wangu alivyomsumbua, akalifukia lile kopo chini ya mgomba, akaingia darasa la ubatizo, akakaa miezi sita bila kunusa hata chembe. Miezi sita! Mke wangu aliyekuwa akimtembelea alirudi kila mara amenyamaza, kama mtu aliyepita karibu na mzinga wa nyuki na hataki kuwachokoza zaidi.

Ubatizo wenyewe ulikuwa mara moja kwa mwaka, Sabato ya mwisho ya makambi, ile mikutano mikubwa ya Wasabato, mtoni, karibu na kanisa lililokuwa maili saba kutoka kwake. Mchungaji alitoka mbali, akabatiza, akaenda zake. Mama mkwe akatoa tamko. Mimi hakuniambia, bila shaka. Nililetewa na mke wangu.

"Mama anasema akiikosa siku hiyo atalifukua kopo. Na anasema mwaka ujao tusimtafute."

"Maili saba," nikasema. "Na lile goti je?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, baba watoto, mwenye skuta."

Hapo ndipo nilipopata shida, na kabla hujanicheka nikueleze. Kwetu Gusii kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni haya, lakini si haya ya msichana mbele ya wageni. Ni haya iliyopimwa na kuwekewa mipaka kama mashamba. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawakai kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao, yaani mimi, anaingia kichakani mpaka mwenziwe apite. Kitanda chake usikione hata kwa bahati mbaya. Sasa, abiria wa skuta anakaa wapi? Anakaa nyuma ya dereva, kwenye kiti hicho hicho, amemkumbatia kiunoni. Isome tena sentensi hiyo ukimfikiria mama mkwe wako.

Tulitafuta njia nyingine. Basi halikufika upande ule. Wanawe wa kiume walikuwa wameajiriwa kwenye mashamba makubwa ya chai huko Kericho na hawakupata ruhusa. Mzee wa kanisa akapendekeza punda, akakumbusha kwamba hata Bwana Yesu alipanda punda. Mama mkwe akajibu kwamba Bwana Yesu hakuwa na goti. Machela hakutaka kuisikia, maana machela ni ya mgonjwa au maiti, na yeye alikuwa bado hajaamua kuwa lolote kati ya hayo.

"Basi nifundishe mimi kuiendesha hiyo skuta," mke wangu akasema. "Mimi ni mwanawe. Anishike atakavyo."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu kwa muda mrefu kidogo, halafu nikanyamaza.

Wazo la trela lilinijia kwa njia ya mkate. Nilikuwa mjini Kisii kwa shughuli za ofisi, nikaona muuza mikate anapita na baiskeli, nyuma yake anavuta sanduku la bati lenye magurudumu mawili. Nikasimama katikati ya barabara mpaka lori likanipigia honi. Kumbe mtu anaweza kuvutwa bila kumgusa anayemvuta! Nikamkimbilia. Bahati ilioje, alikuwa na sanduku jingine la zamani analotaka kuliuza, kubwa zaidi, lenye mlango mdogo nyuma na kitasa.

Nililichunguza kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikafungua mlango, nikaingiza kichwa. Ndani mlinukia vizuri. Nikajiambia kwamba humu mama mkwe ataingia, mlango utafungwa, hanioni simwoni, ensoni haijawahi kulindwa namna hii tangu mababu. Niliporudi nyumbani nikamweleza mke wangu kwa furaha.

"Kuna dirisha?" akauliza.

"Kuna matundu ya kupitisha hewa. Ya mkate."

"Unataka kumpeleka mama yangu kwa Mungu kama mkate?"

"Mkate wa uzima," nikasema, na hiyo ilikuwa sentensi yangu ya mwisho jioni ile.

Trela la pili nililiona soko la Nyakoe, kwa seremala mmoja maarufu. Alinisikiliza kwa makini, akaniambia, "Karani, usiwe na wasiwasi, mbao ninazo," na baada ya wiki akaniita nikaone. Sasa seremala yule kazi yake ilikuwa mbili, vitanda na majeneza, na mkono ukizoea umezoea. Alichokitengeneza kilikuwa kirefu, chembamba upande wa miguuni, kimenyooka, kimepigwa msasa vizuri kabisa. Niliposimama kando yake pale sokoni wanaume wawili waliokuwa wakipita walivua kofia.

"Hiki si jeneza?" nikamuuliza.

"Jeneza lina kifuniko," akasema kwa uchungu wa fundi aliyedharauliwa. "Ngoja nikiwekee ubao wa kichwani, aegemee."

Akauweka. Sasa kikawa kitanda. Nikafunika macho. Kitanda cha mama mkwe, chenye magurudumu, nikikivuta mchana kweupe mbele ya Wasabato wote wa Nyamira! Heri jeneza. Nikamwachia seremala mali yake, na nasikia baadaye aliliuza kwa mtu wa maziwa, sijui alibeba nini humo.

La tatu ndilo tulilochagua, na nalikumbuka kama watu wanavyokumbuka mke wa kwanza. Kulikuwa na fundi Kalasinga mjini, mchomeleaji vyuma, mzee wa ndevu nyeupe na miwani myeusi, aliyekuwa na fremu ya trela dogo uani kwake. Lilikuwa limetengenezewa makopo ya maziwa: sakafu ya bati, kingo fupi za chuma, magurudumu mawili imara, na springi. Springi ndizo zilizoniteka. Nilizibonyeza kwa mkono zikaninyanyua tena kwa adabu.

"Maziwa ngapi?" fundi akauliza.

"Si maziwa. Mama mkwe."

Akavua miwani. "Mama nzito?"

"Kiasi."

"Karani, mimi uliza kilo, wewe sema kiasi." Akazunguka trela mara moja. "Sawa. Yeye nabeba. Sasa fimbo ya kuvuta, mimi weka futi tatu."

Hapo nikamwambia angoje. Futi tatu kati yangu na mama mkwe? Huo si umbali, huo ni kunong'onezana. Nikarudi nyumbani kumuuliza baba yangu mdogo, ambaye hakuwa na hekima yoyote ya pekee ila alipenda kuulizwa. Alikuwa anakula mahindi. Akatafuna mpaka mwisho wa mstari, akafikiri, akasema kwamba zamani mtu alikaa mbali na mama mkwe wake kiasi cha ng'ombe mmoja.

"Ng'ombe gani?" nikauliza. "Wa kienyeji au wa maziwa?"

"Na mkia wake," akaongeza.

"Mkia ukiwa umelala au umenyooka?"

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akarudia mahindi yake.

Nikampima ng'ombe wetu kwa kamba, mke wangu akiushika mkia na kunitazama kwa macho ambayo ningependa kuyasahau. Kamba ile nikaipeleka Kisii. Fundi Kalasinga akaikunjua, akaikunjua tena, akaona haimaliziki. Akaniambia kwamba fimbo ndefu hivyo itachezacheza, na ikichezacheza itasumbua pini inayoshikilia trela kwa skuta, kwa hiyo pini lazima iwe nene na iwe na kifungo chake cha waya, na hicho kifungo nisikitoe hata kama nitaota Mungu ameniambia nikitoe. Nikakubali. Akauliza mwishowe, kwa huruma kabisa, kama huyo mama ana ugonjwa wa kuambukiza.

Nyumbani tulimalizia wenyewe. Kwenye ile sakafu ya bati tulifunga kiti cha mbao chenye mikono, kile cha wageni, kwa kamba za katani. Mke wangu alitaka kiti kitazame mbele, mama aone aendako. Mimi nikakataa, maana akitazama mbele atakuwa anautazama mgongo wangu maili saba, na mgongo wangu una haya zake. Kiti kikageuzwa kutazama nyuma. Kioo cha skuta cha kuonea nyuma nikakifungua nikakiweka kabatini, macho yetu yasije yakakutana mle. Likabaki suala la mazungumzo, kwa kuwa hatungeweza kupayukiana. Tukampa kengele ya ng'ombe. Mara moja, twende. Mara mbili, punguza mwendo. Mara tatu, simama. Tulijiona werevu sana. Hatukupanga maana ya kengele isiyokoma.

Ijumaa alasiri tulilijaribu. Mke wangu akakaa kitini, nikamzungusha mpaka njia panda na kurudi. Trela lilikwenda vizuri, ila lilikuwa na kelele: ile pini na kifungo chake cha waya viligongana kila tulipopita kwenye shimo, kle-kle-kle, kama sufuria tupu nyuma ya mbwa. Nikasema mama mkwe hawezi kuingia kanisani kwa mlio huo. Nikataka spana nikaze. Nikatazama juu, nikaona jua limebakiza vidole viwili kugusa kilima. Jua likizama Ijumaa, Msabato haweki mkono kwenye spana mpaka jua la kesho yake lizame. Mimi dini yangu ilikuwa ya uvuguvugu, lakini nyumba nzima ilikuwa mlangoni inalitazama jua na kunitazama mimi. Nikafanya haraka. Nikachomoa kile kifungo cha waya, nikaifunga pini kwa kamba ya ganda la mgomba, mizunguko mitatu na fundo, kama tunavyofunga mizigo tangu zamani. Nikatikisa. Kimya! Hata jirani alisifu.

Asubuhi mke wangu alitangulia kwa miguu na kwaya. Mimi nikaenda kwa mama mkwe, nikasimamisha skuta uani na kuutazama mlima wa mbele kama mpima ardhi, huku majirani wanawake wakimpandisha nyuma yangu. Nilisikia springi zikiguna. Nikasikia mtu akisema, "Shika sketi, mama," nikafumba macho ingawa tayari nilikuwa nimetazama kwingine. Halafu kengele, mara moja. Twende.

Tulikwenda kwa mwendo wa harusi. Barabara ya changarawe ilikuwa imekauka, watu wa makambi wamevaa nguo nyeupe, na kila tuliyempita alisimama akashangaa. "Sabato njema, Karani!" "Sabato njema!" Sijawahi kupendwa vile. Maili ya kwanza kengele ililia mara mbili, nikapunguza mwendo. Maili ya tatu ikalia mara moja, nikajua amezoea, anataka mwendo. Nikaanza hata kufikiri kwamba safari si mbaya, nikashtuka kwa fikira hiyo.

Tukafika kilima kikubwa, kile ambacho skuta ilikichukia hata nikiwa peke yangu. Chini yake niliomba. Niliomba kwa moyo wote, nikamkumbusha Mungu kwamba hii ni kazi yake, na kwamba kopo la ugoro liko futi moja tu chini ya udongo. Skuta ikaguna, ikatetemeka, ikapanda kama mzee anayepanda ngazi. Na hapo, katikati ya kilima, muujiza. Skuta ikapata nguvu mpya! Ikaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Machozi yakanilengalenga. Nikasema kumbe maombi hujibiwa papo hapo, na nikaahidi kutoa sadaka.

Nyuma kengele ikaanza kulia kwa mfululizo, bila kuhesabika. Nikadhani ni shangwe. Halafu ikaanza kufifia, ikafifia, ikanyamaza. Nikajua ameridhika.

Watu niliowapita sasa walinipungia mikono, wengine yote miwili. Nikawapungia. Mmoja alinikimbilia hatua kadhaa akionyesha nyuma kwa kidole, nikamwinamishia kichwa, kwa maana ya ndiyo, ndiye mama mkwe wangu. Kugeuka sikuweza. Tangu uani kwake sikuwa nimegeuza hata sikio.

Nikaingia lango la kanisa polepole, kwa heshima. Nikazima skuta. Nikashuka, nikasimama nimewapa mgongo wote waliokuwa nyuma yangu, nikainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya upole ambayo hata ofisini hawaijui, "Mama, tumefika."

Mke wangu akaja mbio. "Mama yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Wapi?"

"Nyuma yangu. Msaidie ashuke."

"Baba watoto," akasema polepole, "nyuma yako kuna kuku."

Nikageuka. Kwa mara ya kwanza siku ile, nikageuka. Alikuwa kuku mwekundu, anachakura.

Yaliyotokea kilimani nilisimuliwa baadaye na watu wengi mno, kila mmoja akiongeza chake, lakini msingi ni huu. Kamba ya mgomba ilikatika, pini ikachomoka, na trela likaanza kurudi chini. Na kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameketi akitazama nyuma, ghafla akawa anakwenda anakotazama. Aliiona njia yote vizuri kuliko dereva yeyote. Wanasema hakupiga kelele. Alishika mkono wa kiti kwa mkono mmoja na kwa mwingine akapiga kengele ili watu wapishe, na watu wakapisha, na trela likaacha barabara penye kona likaingia kwenye shamba la chai, michai ikalipokea kama godoro.

Shamba lile lilikuwa la familia ya Kikatoliki, na kwao Jumamosi ni siku ya kuchuma. Mama mwenye shamba alikuwa katikati ya michai na jamaa zake watatu, vikapu mgongoni. Akainuka, akamwona mtu wa heshima ameketi kitini shambani mwake, nguo nyeupe, kengele mkononi.

"Mama, unakwenda wapi hivi?"

"Ubatizoni."

"Kwa njia hii?"

"Nilikuwa na dereva."

Wakalitoa trela michaini. Mama yule alipoliona goti, na kusikia habari ya mchungaji wa mara moja kwa mwaka, akaanza utani, maana Mkatoliki na Msabato wa kwetu wakikutana lazima wachokozane.

"Kwetu sisi padre angekumwagia kikombe kimoja cha maji kichwani, umekwisha, unarudi kunywa chai. Nikuletee maji tukumalize hapa hapa?"

"Dhambi zangu haziishi kwa kikombe," mama mkwe akajibu. "Vuteni."

Wakavuta. Waliacha vikapu vya chai kivulini, wakashika ile fimbo ndefu ya ng'ombe na mkia wake, wanne wakatosha kuishika bila kukanyagana, na hiyo ndiyo faida pekee ambayo urefu wake ulileta siku ile.

Mimi nilikuwa nimerudi barabarani kama mwendawazimu. Kule mtoni wabatizwa walikuwa wamepanga mstari, mchungaji yuko ndani ya maji tayari, na mke wangu ameniambia maneno matatu tu: "Mlete. Mchungaji nitamchelewesha." Niliteremka kile kilima, nikapinda kona, na mbele yangu, hatua kama hamsini, nikaona Wakatoliki wanne wanavuta kiti, na nyuma ya vichwa vyao kitambaa cheupe cha mama mkwe wangu.

Mtu mwenye akili angepunga mkono. Angesimama, angeshukuru, angefunga trela tena. Mimi miguu yangu na mikono yangu ilijua jambo moja tu juu ya kukutana na mama mkwe njiani, na ililifanya kabla sijaulizwa. Niliingia kichakani. Tatizo ni kwamba wazee waliotunga sheria hiyo walikuwa wanatembea kwa miguu. Mimi niliingia kichakani kwa maili thelathini kwa saa, kupitia mtaro, kupitia matete ya ng'ombe ya mtu, nikakutana na kisiki kilichokuwa hapo kabla ya uhuru.

Nikiwa nimelala kifudifudi nikasikia msafara unafika, unasimama.

"Karani!" yule mama wa chai akaita. "Kuna kitu ulisahau?"

Sikujibu. Uso wangu ulikuwa umeelekezwa ardhini, na nilishukuru kwamba angalau hilo lilikuwa na adabu. Halafu kengele ikalia, mara moja.

Twende. Wakaenda.

Gurudumu la mbele la skuta lilikuwa limejikunja kama chapati iliyoinuliwa kwa ncha. Nikaiegemeza kwenye ua, nikawafuata kwa miguu, mbali, nikichechemea, ng'ombe watatu au wanne nyuma yao. Kadiri tulivyokaribia nilisikia kwaya. Walikuwa wanaimba wimbo wa beti nne, na walipoumaliza wakauanza tena. Mara ya tatu nikaelewa. Mke wangu ndiye aliyekuwa mwongozaji wa kwaya, na mchungaji, mtu mwembamba mwenye saa mkononi na kanisa jingine la kwenda mchana ule, hakuweza kutoa sala ya kufunga watu wakiwa wanamsifu Mungu. Kila alipofungua mdomo, mke wangu aliinua mikono na sauti ya kwanza ikaanza upya. Waimbaji walikuwa wamekauka koo. Mmoja wa besi alikuwa ameketi.

Trela likateremshwa mpaka ukingoni kabisa. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

Sasa nataka kukueleza jinsi mama mkwe wangu alivyobatizwa, jambo nililolipigania kwa wiki sita na mifupa yangu yote, lakini siwezi. Sikuona. Mama mkwe akiwa majini, nguo zimelowa, mkwe wake atazame wapi? Nilisimama juu ya ukingo nikiwapa mgongo, tope mpaka kwenye nyusi, naangalia mti wa mkaratusi kana kwamba ndio unaobatizwa.

Nilisikia tu. Nilisikia mke wangu akimwambia mama aweke mguu hapa, sasa hapa. Nikamsikia mchungaji akitamka maneno yake, kisha akavuta pumzi. Kisha maji yakapasuka kwa kishindo kikubwa, na papo hapo kishindo cha pili, kidogo zaidi. Halafu watu wote, Wasabato wenye heshima zao, wakaangua kicheko, na yule mama wa chai akapiga kigelegele kilichovuka bonde.

"Nini?" nikauliza bila kugeuka. "Kumetokea nini? Ameingia?"

Mwishowe nikasikia nyayo, mke wangu akaja kusimama pembeni yangu, sketi yake inatiririka. Alikuwa akicheka na kulia kwa zamu.

"Ameingia," akasema. "Wameingia wote wawili. Mchungaji ilibidi atolewe."

"Na yeye?"

"Yeye alitoka mwenyewe. Ndiye aliyemtoa mchungaji."

Tukasimama pale tukiutazama ule mkaratusi pamoja. Nyuma yetu kwaya ikaanza tena, safari hii bila kulazimishwa.

"Mama anasema asante," mke wangu akasema, akijifuta macho kwa kiganja. "Anasema Mungu akubariki. Na anasema mchungaji amempa nafasi kwenye gari lake mpaka nyumbani, kwa hiyo trela lako sasa liko huru. Unaweza kubebea skuta."

"Na litavutwa na nini?"

"Hilo hakusema."